Kuachana na "yaani", "kitu gani" na maneno mengine yanayochosha masikio

Mtu anayesema "yaani" mara 20 katika dakika 5 kwa kawaida hajui kama anaisema. Wanaomsikiliza ndio wanaojua, na mmoja wao akishaanza kuhesabu, hasikii tena hoja. Kwa hiyo kazi huanza na kulisikia neno lenyewe. Baada ya hapo unatafuta linakufanyia kazi gani, maana neno la kero karibu kila mara lina kazi: linakushikia zamu ya kusema, linakutafutia neno lililopotea, linamshika msikilizaji asichoropoke, au linakuvisha joho la urasmi. Ukilikata bila kuikabidhi kazi hiyo kwa kitu kingine, litarudi, au litamtuma ndugu yake.

Tuweke kando jambo moja mapema. Kigugumizi, yaani kukwama kwenye silabi au kuirudia bila kutaka, hakiondoki kwa mazoezi ya humu, na kumhesabia mwenye kigugumizi kunamzidishia shida. Huyo anahitaji mtaalamu wa tiba ya usemi. (Hiyo "yaani" ya hapo juu ni halali. Tutaifikia.)

Jirekodi

Simu yenye kinasa sauti inatosha. Nasa mazungumzo ya aina tatu, dakika 10 kila moja: ukipiga soga na mtu uliyemzoea, ukiongea kikazi au mbele ya watu, na ukieleza jambo usilolizoea, kwa mfano kanuni za mchezo uliojifunza juzi. Rekodi ya tatu ndiyo yenye mavuno, kwa kuwa maneno ya kujazia huongezeka akili inapotafuta njia. Wajulishe wenzako kwamba unanasa sauti. Kisha tupa dakika 2 za mwanzo za kila rekodi. Hapo ulikuwa bado unajichunga.

Chukua dakika 3 kutoka kila rekodi na uziandike neno kwa neno: kila "eee", kila neno ulilorudia, kila sentensi uliyoitelekeza njiani. Dakika 3 za sauti zinaweza kula nusu saa ya kuandika, na hapo ndipo wengi hukata kona wakasikiliza tu. Usikate. Sikio lako limezoea kuyaruka maneno haya kwa miaka, kalamu hairuki. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi nazo si za kutegemea hapa, kwa sababu baadhi yake huondoa sauti za kusitasita zenyewe ili maandishi yapendeze.

Sasa hesabu: maneno yote, halafu maneno ya kujazia, halafu ni mangapi kwa kila maneno 100. Makadirio ya mtafiti wa lugha Jean Fox Tree ya mwaka 1995 kuhusu mazungumzo ya Kiingereza yalikuwa kama dosari 6 kwa kila maneno 100, ukijumlisha sauti za kusitasita, marudio na kujisahihisha. Usijipime kwa kipimo hicho. Neno moja la Kiswahili hubeba mzigo ambao kwingine ungehitaji maneno manne: "nimeshamwambia" ina msemaji, wakati, kukamilika kwa tendo na aliyeambiwa, na bado ni neno 1. Kwa hiyo hesabu yako kwa maneno 100 itaonekana kubwa kuliko ya Mwingereza hata kama mnasitasita sawasawa. Iweke hesabu hiyo, utailinganisha na yako mwenyewe baada ya wiki kadhaa.

Neno linafanya kazi gani?

Pitia maandishi yako na kalamu ya rangi. Karibu na kila neno la kujazia andika lilikuja wapi: mwanzo wa sentensi, katikati kabla ya nomino, au mwisho. Mahali linapotokea ndipo panapokuambia sababu.

Yanayotokea mwanzo na kwenye viungio, kama "eee", "yaani", "kwa hiyo" isiyohitimisha kitu, "sasa" isiyohusu wakati, hushika zamu. Watu hupokezana maneno kwa kasi ya ajabu: utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers na wenzake ulionyesha kwamba pengo kati ya swali na jibu huwa takriban milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukikaa kimya nusu sekunde unahisi tayari mlango uko wazi na mtu ataingia. Herbert Clark na Jean Fox Tree waliandika mwaka 2002 kwamba sauti za kusitasita katika Kiingereza ni ishara anayoitoa msemaji, kumjulisha mwenzake kwamba atakawia kidogo au atakawia zaidi. "Eee" yako nayo husema: nakawia, usinipokonye. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya wasemaji wengi huwa na akiba kubwa ya maneno haya, na hakuna ajabu, yalimsaidia kumaliza sentensi. Ukiona yamejaa kwenye soga lakini hayapo unapohutubia, tatizo lako ni kuhofia kupokonywa zamu, na dawa yake ni kiganja kilichoinuliwa kidogo au "bado sijamaliza" ya upole.

Yanayotokea katikati, kabla tu ya nomino, hutafuta neno: "nanihii", "naniliu", "nini", "kile kidude". Kiswahili kimeyapa nafasi ya kifalme, kwani "nanihii" hukubali hata viambishi vya kitenzi: "umeshamnanihii?" Msikilizaji akiwa jikoni pamoja nawe ataelewa. Akiwa upande wa pili wa simu, ataelewa anavyotaka yeye, na yanayofuata mnayajua.

Hapa kuna hitilafu ambayo ni ya Kiswahili hasa, nayo ina dawa rahisi kuliko zote humu. Msemaji anaanza na kionyeshi kabla hajalipata jina: "ile... nini... hiyo kitabu". Kionyeshi lazima kifuate ngeli ya nomino, na nomino bado haijafika, kwa hiyo mdomo hubahatisha "ile" au "hiyo" na kujikuta umefungwa. Wengi huona hayo ni kutojua sarufi. Mara nyingi ni mpangilio tu. Kiswahili hukuruhusu kutanguliza jina: "kitabu kile", "barua ile", "gari hilo". Nyamaza mpaka jina lifike, litamke, kionyeshi kitajipanga chenyewe nyuma yake. Fanya zoezi la vitu 20 vilivyo chumbani: gusa, nyamaza, taja jina, kisha kionyeshi. Siku 4 au 5 zinatosha kuona tofauti.

Yanayotokea mwisho humshikiza msikilizaji: "sawa?", "umenielewa?", "au sio?", "si ndiyo?", "umeona eeh?" Mkuu wa kundi hili ni "kitu gani?" na jamaa zake "nani?" na "wapi?", ambao msemaji huuliza na kujibu mwenyewe: "Tukaenda kwa nani? Kwa daktari. Daktari akasema kitu gani? Akasema nipumzike." Asili yake ni darasani na mimbarini, ambako swali la namna hiyo hukusudiwa kuwaamsha watu 60 wajibu kwa pamoja. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako, swali lile lile humfanya ahisi anafundishwa. Pia linamchosha kwa sababu ya kimsingi: sikio haliwezi kulipuuza swali, kila mara linajiandaa kujibu, halafu linapokonywa jibu.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, unganisha swali na jibu liwe kauli: "Tulikwenda kwa daktari, akaniambia nipumzike." Pili, ukitaka kweli kujua kama umeeleweka, uliza swali moja la kweli mwishoni mwa sehemu nzima, lisilojibika kwa "ndiyo": "Ungeanzia wapi kama ungefanya wewe?" Kisha subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wasiojibu kabisa wakapungua. Sekunde 3 ni ndefu kuliko unavyodhani. Hesabu kimoyomoyo "elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu".

Joho la urasmi

Kundi hili linastahili nafasi yake kwa sababu wenye maradhi hayo huyaona ni afya. Mtu ambaye nyumbani husema "nimefika" akishika kipaza sauti husema "nimeweza kufika". "Tuliweza kufika salama, tukaweza kupokelewa, na kikao kikaweza kuanza." Ondoa "weza" zote: "Tulifika salama, tukapokelewa, kikao kikaanza." Hakuna kilichopotea. Kitenzi "-weza" hukaa pale palipokuwa na kizuizi: "Daraja lilikuwa limekatika, lakini tuliweza kufika." Hapo kina kazi. Basi jiulize: kulikuwa na kitu cha kunizuia? Kama hakikuwapo, tumia kitenzi kitupu.

"Suala zima la usafi" ni "usafi". Hakuna aliyewahi kutaja nusu ya suala. "Zoezi la uandikishaji" mara nyingi ni "uandikishaji" tu. "Nipende kuwashukuru" ni "nawashukuru". Kupenda kwako kushukuru bado si shukrani. "Niseme tu kwamba" haina cha kubadilishwa nayo, ikate na anza na kinachofuata.

"Mwisho wa siku", inapotumika kwa jambo lisilohusu jioni, imekuja kwa kutafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ilhali "hatimaye" na "mwishowe" yalikuwepo zamani. Lakini pima kwanza kama unahitaji lolote kati ya hayo. Mara nyingi msemaji huliweka ili aonekane anahitimisha wakati bado ana dakika 10 za kuongea, na akifika mwisho wa kweli hana tena neno la kuutangaza.

"Kiukweli", "kusema ukweli", "kwa kweli": moja katika mazungumzo ya nusu saa hutilia mkazo. Ya sita haimtilii mtu mkazo.

"Ambapo" na "ambayo kwamba" zinahitaji jicho kali. "Ambapo" ni ya mahali, na kwa upana wake hali au wakati. Msemaji aliyebanwa huigeuza gundi ya kuunganishia sentensi yoyote na nyingine: "Kikao kilianza saa nne, ambapo mwenyekiti alifungua, ambapo alieleza mpango, ambapo wajumbe waliuliza." Kila "ambapo" hapo ilikuwa nukta iliyoogopwa. Weka nukta, anza upya na kitenzi chenye "-ka-", ambacho kazi yake ndiyo hiyo ya kusimulia mfululizo: "Kikao kilianza saa nne. Mwenyekiti akafungua, akaeleza mpango. Wajumbe wakauliza." Ama "ambayo kwamba", hayo ni maneno mawili ya kuunganishia kwenye kiti kimoja; chagua moja lishuke.

Misimu haina kosa

"Poa", "noma", "dili", "mshikaji", "msee" na wenzake wana kazi ya kutambulisha nani ni wetu. Ndiyo maana huudhi anapoyatumia mtu asiye wa kundi, na ndiyo maana huchakaa haraka: likishazoeleka kwa kila mtu, halitambulishi tena, na vijana hutunga jingine. Machache hubaki yakawa maneno ya kawaida. Mengi huzeeka na kumzeesha anayeyang'ang'ania.

Kwa hiyo usijitungie sheria ya kutotumia misimu. Jiwekee swali moja tu: msikilizaji huyu atalazimika kuuliza maana? Kama ndiyo, tumia neno la wazi. Kwenye usaili wa kazi, kwenye maelezo ya ugonjwa, kwenye makubaliano ya fedha na kwenye kuelekeza njia, jibu huwa "ndiyo" kuliko unavyotarajia. "Nitakucheki baadaye" kwa rafiki inaeleweka; kwa mteja haijulikani kama utampigia, utamwandikia au utamtembelea, wala lini.

Msimu unaohitaji kupunguzwa hasa ni ule wa kukuza: "kinoma", "balaa", "hatari", "kishenzi", "mbaya" kwa maana ya "sana". Kila kitu kikiwa balaa, siku ya balaa lenyewe utakosa neno. Mahali pake weka kipimo. "Foleni ilikuwa balaa" inampa msikilizaji hisia yako. "Tulikaa foleni saa mbili na nusu" inampa foleni.

Tofautisha na misimu kile kiambishi "-ga": "anakujaga", "huwaga nasemaga". Katika lugha nyingi za Kibantu kiambishi cha namna hiyo ni sarufi kamili ya mazoea, kwa hiyo anayekitumia hajakosa adabu wala akili, amekibeba tu kutoka lugha jirani. Kwenye soga kiache. Kwenye usemi rasmi tumia "hu-", ambayo haihitaji kiambishi cha nafsi: "yeye huja", "mimi husema". Kosa la kawaida wakati wa kujirekebisha ni kuweka alama mbili za mazoea, "huwa anakujaga". Moja inatosha.

Na "eti" iangaliwe unapomnukuu mtu. "Amesema anaumwa" ni taarifa. "Amesema eti anaumwa" ni shutuma kwamba anadanganya. Wapo wanaoitumia kama pumzi tu kabla ya kila nukuu, na wamegombanisha watu bila kukusudia.

Chagua neno moja

Usianze na matatu. Pima kila neno kwenye orodha yako kwa vitu vitatu: linatokea mara ngapi, linasikiwa na nani, na kama linaharibu maana. "Nanihii" mara 4 kwenye maelekezo ya dawa ni baya kuliko "yaani" mara 15 kwenye soga. Kisha waulize watu wawili wanaokusikia kila siku, kila mmoja peke yake: "Neno gani nalirudia mpaka linakuchosha?" Wakitaja moja wote wawili, usitafute zaidi, hata kama hesabu yako inasema vingine. Wao ndio wanaolila.

Sababu ya kuchagua moja ni kwamba maneno haya hupokezana. Ukipiga marufuku "yaani" Jumatatu, kufika Ijumaa utasikia "kwamba" au "kiukweli" imekaa mahali pale pale. Ukiona hivyo, neno umelitoa lakini kazi yake bado haina mwenyewe. Ndiyo dosari inayowakwamisha wengi kuliko zote, na haionekani bila rekodi.

Mdomo uliofungwa

Mwaka 1973 Nathan Azrin na R. G. Nunn walichapisha njia ya kugeuza mazoea ya mwili kama kung'ata kucha: mtu hujifunza kutambua tendo linapoanza, kisha hufanya tendo jingine lisiloweza kwenda pamoja na lile la kwanza. Kwa maneno ya kujazia, tendo hilo ni kufunga midomo na kuvuta pumzi kwa pua. Haiwezekani kusema "yaani" midomo ikiwa imefungwa. Kama neno lako ni "mmm", ambayo hutoka midomo ikiwa imefungwa, fanya kinyume: achanisha midomo kidogo, pumua bila sauti.

Wiki ya 1, dakika 5 kila siku ukiwa peke yako. Chukua picha yoyote, ieleze kwa sauti bila kujiandaa. Kila ukilisema neno lako, weka alama kwenye karatasi na uendelee, usirudi kusahihisha. Idadi itapanda katika siku za mwanzo na utadhani umeharibika zaidi. Sikio tu ndilo lililofunguka.

Wiki ya 2, picha nyingine, lakini sasa tafuta dalili inayotangulia neno. Kwa wengi ni pumzi fupi ya juu juu, au sauti inayobaki hewani mwishoni mwa sentensi bila kushuka. Dalili ikija, funga midomo, pumua, endelea. Kimya hicho huchukua kama sekunde 1. Kwako kitakuwa kirefu kama mchana. Kwenye rekodi utakuta hata hukisikii vizuri. Shusha sauti kila mwisho wa sentensi, kwa sababu sentensi iliyoshuka imefungwa, na iliyobaki juu hulilia kiunganishi.

Wiki ya 3, mtafute mwenza. Akilisikia neno, agonge meza mara moja kwa kidole, asiseme kitu. Dakika 10, mara 3 kwa wiki. Kilabu za kujifunza kuhutubia za Toastmasters, zilizoanzia California mwaka 1924, humpa mtu mmoja katika kikao jukumu la kuhesabu maneno ya namna hii na kuripoti mwishoni. Ripoti ya mwishoni huwafaa wanaovurugika wakikatizwa. Kugonga meza kwa kidole huwafaa wasioamini hesabu. Jaribu vyote viwili.

Kuanzia wiki ya 4, peleka mazoezi kwenye maisha, kwa ngazi: kwanza simu, kwa kuwa hakuna anayekutazama na unaweza kubandika karatasi yenye neno lako mbele yako, kisha mazungumzo ya watu wawili, mwisho kikao. Katika kikao chagua dakika 3 tu za kujilinda, zile za mwanzo wa zamu yako. Usijihesabie ukiwa unaongea. Anayehesabu na kufikiri kwa pamoja hugawanya akili, na akili iliyogawanyika ndiyo inayozaa maneno ya kujazia.

Kuhusu muda, Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliripoti mwaka 2010 kwamba tendo jipya la kila siku lilichukua siku 66 kwa makadirio ya kati kuwa mazoea, na kati ya mtu na mtu kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Walichunguza mambo kama kula, kunywa na mazoezi ya mwili, si usemi, lakini kufunga midomo nako ni tendo jipya. Jipe miezi 2 kwa neno moja na usishangae ikiwa 3.

Ukianza kusikika kama tangazo la kwenye kipaza sauti cha kituo, umekaza mno. Kwa kawaida chanzo ni kukariri. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati beba orodha ya mambo matatu utakayosema, kwa mpangilio. Fupisha sentensi: usianze mpaka unajua kitenzi chake kikuu. Na kama viunganishi vyako ni "so" na "bati" za Kiingereza, jua kwamba hupenya kwenye viungio kwa sababu hapo akili iko tayari kwenye wazo linalofuata. Andaa vinne vya kukushikia mahali hapo, "kwa hiyo", "lakini", "kwa sababu", "hata hivyo", na uvitamke kwa utaratibu mpaka vikae ulimini.

Neno likiwa la mwingine

Usimkatize mbele za watu na usimwigize. Mwambie mkiwa wawili, muda mfupi baada ya tukio, ukitaja neno moja na mara moja uliyolisikia: "Ulipoeleza ile ratiba, 'kitu gani' ilinikatisha nikapoteza tarehe. Unaisikia unapoisema?" Ukimpa orodha ya matano ataacha kuongea mbele yako, basi. Akisema haimsumbui, imekwisha hapo. Kama ni mkubwa wako kwa umri au cheo, subiri akuulize. Akiuliza, anza na mahali alipoeleweka vizuri ndipo utaje neno. Kwa mtoto, usimkemee. Rudia alichosema kwa umbo safi ndani ya jibu lako. Akisema "nipe ile nanihii ya kukatia", mjibu "unataka mkasi? Mkasi huu hapa."

Kupima tena

Baada ya wiki 8 nasa tena hali zile zile tatu, dakika 10, uandike dakika 3. Linganisha hesabu za neno moja tu ulilolichagua, kisha tafuta kama kuna geni lililohamia kwenye nafasi yake. Kama limepungua nusu kwenye rekodi ya tatu, ile ya jambo usilolizoea, zoezi limeshika. Kwenye soga huenda hata hujali, na huna haja ya kujali. Usilifukuze mpaka sifuri. "Yaani" inayofafanua kilichotangulia, kama ile ya kigugumizi mwanzoni, hubaki. Kuitambua ni rahisi: weka "maana yake ni" mahali pake. Sentensi ikisimama, iache. Ikianguka, funga midomo.